Gari la Nyange, Lile au Silo

Jumatatu, 9 Mei 1960

Gari la Nyange limekufa. Limekufa asubuhi, kwenye daraja la bondeni, mvua inanyesha. Daraja limeondoka na maji, na gari likaondoka na daraja. Abiria wote wazima, alhamdulillahi. Mmoja kapoteza kuku wawili, na ilipofika adhuhuri walikuwa wameshakuwa watano.

Nimekwenda kulitazama, kama watu wanavyokwenda kutazama maiti. Fremu imekatika kati, injini imepasuka, bodi la mbao limekuwa kuni. Nyange kasimama ndani ya maji mpaka kiunoni, kashika usukani. Usukani peke yake — umeng'oka. Hakuna aliyethubutu kucheka. Hata mimi!

Niliporudi mke wangu Bi Mize kaniuliza, "Limekufa kweli?" Nikamwambia limekufa. Kasema inna lillahi, kisha kainamia sufuria yake akatabasamu. Nimemwona.

Alhamisi, 12 Mei

Silima kaja na mkungu mzima wa ndizi. Silima ni mume wa mwanangu Moza, na ni mtoto wa marehemu ndugu yangu, kwa hiyo aibu yake inanifika kwa njia mbili.

"Shikamoo, baba. Gari limekufa."

Marahaba, nimesikia.

"Basi na neno langu limekufa."

Neno lake lenyewe hili. Kabla ya mwezi wa kufunga Moza alikuwa anarudi mazikoni Kiuyu. Njia nzima anatapika, Nyange akamhurumia, akamkalisha mbele karibu yake. Gari likasimama Mtambile, na Silima yupo pale. Kumwona mkewe anashuka kwa mlango wa mbele! Na Nyange ndiye aliyemposa Moza kabla yake, mimi nikamnyima. Damu ikampanda. Kalipiga boneti kofi mbele ya kituo kizima: "Moza, ukipanda tena gari hili, huna mume."

Na talaka mbili keshazitumia, mtoto wa ndugu yangu. Moja kwa ajili ya samaki aliyeungua, ya pili hata mwenyewe haikumbuki sababu. Zote alirejea. Ya tatu haina kurejea, mpaka mwanamke aolewe na mwengine kwanza — na huyo mwengine yupo, hana mke, ana gari. Na kule kutapika kote, kumbe ni mimba yake Silima mwenyewe.

Shehe Nassor alimwambia jioni ile ile: neno la namna hii halirudi mdomoni. Linaning'inia. Moza asipopanda ni mke, akipanda basi.

Sasa kafurahi gari limekufa. Mimi furaha yake siifahamu. Huku ndani kwetu haliingii gari jengine. Yale mengine yanaishia barabara kuu, matumbo yao yanagusa chini. La Nyange lilikuwa lori la jeshi, lina miguu mirefu kama korongo. Na mkunga kasema Moza asizalie nyumbani tena. Wa kwanza tulimzika, na mama yake nusura tumzike naye.

Neno limekufa, sawa. Na mzazi atakwenda spitali juu ya nini? Nimekula ndizi zake.

Jumapili, 5 Juni

Nyange hakubali habari za kufa. Kamleta fundi kutoka Wete, Jaribu, mtu mfupi mwenye maneno marefu. "Mzee Kificho, mie nikilitia mkono gari, hata likiwa kaburini linakohoa." Mwongo, lakini nampenda.

Injini kaipata Kiuyu, kwenye lori bovu lililogeuka banda la kuku. Imekuja juu ya gari la ng'ombe, imefunikwa mkeka, watoto nyuma yake wanaimba kama wanamsindikiza bibi harusi. Walipoifungua wakakuta yai ndani. Jaribu kalikaanga, kala, kasema injini yenye uzazi haifi.

Jumanne, 12 Julai

Karafuu zimeanikwa kila mahali, mpaka ukumbi wa msikiti. Nimeacha kuchambua, nimekwenda kwa Jaribu. Kila siku nakwenda. Bi Mize anasema nimeolewa kule.

Lakini yule mtu ana mikono! Leo kakata gasketi kwenye karatasi ngumu kwa mkasi, kwa macho tu, bila kupima. Kaiweka, ikakaa kama ngozi juu ya ngoma. Halafu kaiwasha injini juu ya magogo, katia ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, kafumba macho. Kama daktari. "Valvu ya tatu inasema uongo," kasema. Kaifungua. Kweli inasema uongo.

Fremu imekuja na meli kutoka Unguja. Giaboksi ya Mgogoni. Bodi linaundwa hapa hapa, mbao za mfenesi. Siku hizi watu wanaulizana asili na chama kabla ya kuulizana hali. Nikamwambia Nyange: gari lako injini ya Kiuyu, mgongo wa Unguja, matumbo ya Mgogoni, likiulizwa asili yake litajibu nini? Kanijibu, "Litajibu la Nyange, mzee wangu."

Hapo ndipo nilipopata akili. Ikiwa kila kitu kitakuwa kipya, basi gari si lile, na Moza atapanda, na talaka itabaki inaning'inia peke yake kama popo. Tangu saa ile nimekuwa hasidi wa kila chuma kikongwe. Nikamwambia Jaribu rejeta imechoka, kaitupa. Nikamwambia springi zina ufa, kazitupa. Nikasema neno baya juu ya tangi la mafuta — Mungu anisamehe, lilikuwa zima — nalo likaenda.

Vimebaki viwili, usukani na boneti. Na boneti ndilo lililopigwa kofi! Nikamwomba Nyange anipe, nianikie karafuu zangu. Kaliwekea mkono juu. "Mzee, utaanikia karafuu kichwa cha mtu?"

Ijumaa, 5 Agosti

Baada ya sala nikamkamata Shehe Nassor barazani, kabla hajavaa viatu. Silima kakaa pembeni, anajifanya anasoma ukuta.

Nikauliza: Shehe, gari likibadilishwa kila kitu isipokuwa usukani na kofia yake, boneti, ni lile?

Shehe kafikiri, kasema: "Shamba la marehemu Mmanga unalijua. Mikarafuu yote ilikufa. Ikapandwa mingine katika mashimo yale yale. Leo unaliitaje?"

Shamba la Mmanga.

"Basi."

Nikamwambia shamba lina ardhi, ardhi haikufa. Gari ardhi yake ipi? Na Shehe mwenyewe ana meno ya spitali juu na chini. Dua zinazotoka humo ni za Shehe au za daktari? Watu wakacheka. Shehe naye kacheka, meno yale yale.

Nikaongeza kwamba mimi nami Bi Mize nilimwacha mara moja, zamani, nikamrejea. Mpaka leo anasema aliyerudi si yule aliyeondoka, yule mpumbavu alibaki kwa mama yake. Je, nimeoa wangapi?

Kisha akawa Shehe tena. Kasema haya, na nayaandika nisiyasahau. Silima alielekeza mkono kwenye kitu, kwa hiyo ni kitu kile, si jina. Kitu kikiharibika kikaundwa chengine, neno halikifuati. Ama kama ni kile kile kilichotengenezwa, linakifuata. Na anayejua zaidi kitu ni mwenyewe. Nyange akikiri mbele ya watu kwamba ni chengine, yeye Shehe ataridhika, ingawa atamwuliza na Kadhi. Nyange akisema ni lile, basi ni lile, na Moza asilikaribie.

Silima kainuka akaondoka bila ya kuaga. Talaka ya mkewe imekwenda kukaa mdomoni mwa Nyange!

Jumatano, 31 Agosti

Limetoka. Rangi ya buluu, buluu ile ile ya zamani. Nyange kachanganya rangi siku mbili mpaka ikalingana na boneti.

Nikiwa mkweli, sijaona kitu kizuri kama kile. Limepanda mlima wa shule bila ya kupumzika, moshi mdogo, sauti nzito kama mtu anayesoma Yasini kwa moyo. Vizee vyenzangu vimesimama vinafuta macho. Jaribu kakaa juu ya bodi na kanzu ya kuazima, anapokea salamu kama Sultani.

Watu wanapiga kelele, "Gari la Nyange limefufuka!" Na Nyange anawajibu kila mmoja dirishani: "Lile lile! Ni lile lile!"

Kila anaposema, moyo wangu unashuka ngazi moja.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimekwenda kwa Nyange, peke yangu. Nimemkuta analisugua. Nikaanza kwa masihara, sijui kuanza kwa njia nyengine. Nikamwambia lile lako lilikuwa likikohoa Mtambile linasikika Mkoani, hili linanong'ona, huoni kama si lile?

"Ni lile, mzee wangu."

Nikaacha masihara. Nikamweleza aliyoyasema Shehe. Keshayasikia, Pemba nzima ishayasikia. Kaweka kitambaa chini.

"Mama yangu alikwenda spitali ndani ya gari hili," kasema. "Na maiti yake nikairejesha ndani ya gari hili. Kila mtu wa huku ana siku yake moja humu. Arusi, msiba, mtoto. Nikisema silo, wale wote walipanda nini?"

Nikamwuliza lililonikaa rohoni: wewe unamtaka Moza?

Kaokota kitambaa chake. "Uliponinyima, mzee, hukuniuliza hivyo."

Nimerudi kwa miguu. Njia nzima namtukana, na kila nikimtukana nazidi kumpenda.

Jumapili, 2 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza mapema. Kadhi kasafiri Unguja, atarudi Jumamosi. Silima kachonga miti miwili mirefu, kaifunga ubavuni mwa kitanda cha kamba. Anasema siku ikifika watambeba mzazi wenyewe mpaka barabara kuu, wanaume sita. Mimi ni wa sita. Miguu yangu inacheka.

Moza kakitazama kitanda kile. Kamwambia mumewe, "Kofi moja la mkono wako, wanaume sita wanabeba." Silima kaendelea kukaza kamba.

Alhamisi, 6 Oktoba

Naandika haraka, kwenye benchi la spitali, Chake. Kalamu ya kuomba.

Uchungu umemshika baada ya alfajiri, mwezi wake haujatimia. Mvua kama umefunguliwa mfereji. Mkunga kamgusa, kasema mtoto amekaa vibaya, mpelekeni, msingoje.

Tukambeba. Silima mbele, mimi nyuma nikijifanya nabeba. Bi Mize kando na mwavuli. Shehe Nassor naye kaja, kakunja kanzu mpaka magotini, na leo sikumcheka. Tukafika bondeni, penye daraja jipya la magogo. Silima kateleza. Kaanguka kwa magoti, na kitanda hakukiachia. Kitanda begani, uso ndani ya tope, hakukiachia! Nilikuwa nimemwudhikia mwaka mzima yule mtoto. Pale nikamsamehe nusu.

Kuinuka hawezi. Mguu umenasa topeni. Tukaweka kitanda chini ndani ya maji, na Moza analia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake.

Tukasikia gari.

Bi Mize alikuwa kampelekea Nyange habari kabla hatujatoka, hakumwambia mtu. Likashuka mlima taratibu, likavuka magogo, likasimama mbele yetu linatetemeka. Nyange kashuka. Silima kakaa ndani ya tope anamtazama. Hakuomba. Macho yake yaliomba, mdomo haukuomba.

Nyange kasema, "Mpandisheni."

Moza kashika mti wa kitanda kwa mikono miwili. Nilidhani ni maumivu. Kumbe anakataa. "Sipandi," kasema, "mpaka nijue nitashuka mke wa nani."

Bi Mize kamwambia: mwanangu, utakufa. Moza kasema nife mke wa mtu basi, nisife sijulikani.

Shehe kasogea. Mvua inamtiririka ndevuni. "Nyange, mwana wa watu yuko majini. Nakuuliza mbele ya hawa na mbele ya Mungu. Gari lino ndilo alilolipiga Silima kofi?"

Nyange kaligeukia gari. Kalitazama toka taa mpaka nyuma, kama mtu anayeagana. Nilijua anapoteza nini akisema hivi na anapata nini akisema vile, na yeye alijua kwamba najua.

"Silo," kasema. "Lile lilikufa maji, hapa hapa, usukani ukaning'okea mkononi. Hili ni jengine. Nimeliunda mimi na Jaribu."

Shehe, Mungu amhifadhi, haachi kitu. "Na boneti?"

Ningekuwa na kiatu mkononi ningemrushia.

Nyange kafuta maji usoni. "Boneti ni nguo, Shehe. Mtu akifa nguo zake hurithiwa. Anayezivaa haitwi marehemu."

Nina umri huu, nimekaa na masharifu na mahakimu na waongo wa kila namna. Sijasikia neno lililokaa kama lile. Shehe kainamisha kichwa. "Nimeridhika mie," kasema. "Kadhi atasikiliza akirudi. Mpandisheni."

Silima kajinasua, mguu mmoja bila ya kiatu, kambeba mkewe mwenyewe. Moza hakushika mti tena. Mlango wa mbele, kiti kile kile — si kile, cha mfenesi. Silima kamweka, karudi nyuma kupanda na sisi. Nyange kamwita, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Silima, njoo mbele. Mshike mkeo."

Kasema mkeo!

Njiani halikuteleza hata mara moja. Nyange analisemesha chini chini kama ng'ombe wa kukokota. Mlima wa Mtambile limeupanda na maji yanashuka kinyume chake. Jaribu angelia. Mimi nimelia badala yake, nikasingizia mvua.

Siku hiyo hiyo, jioni

Bado. Wamemwingiza ndani tangu adhuhuri, mlango umefungwa. Bi Mize yumo naye. Silima kakaa ukutani, mguu umevimba, tope limekauka usoni kama maski, hataki kunawa. Shehe anahesabu tasbihi. Nimemwuliza Kadhi atasemaje. Kasema hajui, wanazuoni hawakupata kuona gari.

Nyange yuko nje na gari. Namwona dirishani. Kila anayepita Chake anamjua.

"Nyange! Gari lako hilo? Wallahi kama lile!"

"Silo," anasema. "Lile lilikufa."

Mara ya kwanza kalisema kwa sauti. Sasa sauti imepungua, lakini analisema kwa kila mtu, hamruki hata mmoja. Dereva mwenzake kamcheka: yakhe, juzi ulituambia lile lile, leo silo, umelogwa? Nyange kasema, "Nilikosea," akageuka akaanza kufuta kioo ambacho ni safi.

Nimemtolea chai. Kapokea, hakunywa. Nikataka kumwambia kitu cha maana na mdomo wangu umezoea mzaha tu. Nikamwambia gari lako jipya ni zuri. Kasema ahsante, mzee.

Nimerudi ndani naye. Kasimama karibu na mlango, mbali na sisi.

Nesi katoka sasa hivi. Aproni ina damu, uso wake hausomeki. Kauliza, "Mume wa Moza binti Kificho ni nani?"

Silima kainua kichwa. Kamtazama Shehe, Shehe katazama tasbihi. Nesi kauliza tena, hana wakati. Silima bado kakaa, mikono juu ya magoti, kama mtu asiyejua kama jina lililoitwa ni lake.

Nyange kasema pale mlangoni, "Inuka, bwana. Unaitwa wewe."